Kazi Yangu Niliikuta Mvunguni mwa Kitanda

Fomu ilikuwa na visanduku sita: uongozaji, upigaji picha, uhariri, sauti, uandishi wa skripti na utayarishaji. Tulipewa siku tatu za kufikiri, kwa sababu kisanduku utakachokitia alama ndicho kingeamua masomo yako ya miaka miwili iliyobaki. Mimi sikuhitaji hata dakika tatu. Nilitia alama kwenye uongozaji nikiwa nimesimama, fomu nimeibana ukutani kwa kiganja, nikaenda zangu. Darasani tulikuwa 22. Kati yetu 17 tuliandika uongozaji. Kisanduku cha sauti hakikuguswa na mtu.

Mwalimu alizipitia fomu zile moja moja mbele yetu, akatabasamu. "Haya," akasema. "Filamu ya kwanza itawasahihisha baadhi yenu." Tukacheka, tukidhani anatutania.

Siku hizi naelewa kwa nini tulijazana kwenye kisanduku kimoja. Mtu anayependa filamu akiwa nje ya fani hajui kwamba ndani yake mna mafundi waliotofautiana kama seremala anavyotofautiana na fundi bomba. Anajua waigizaji, na anajua jina la mwongozaji, basi. Mimi nilichokuwa nakipenda ni filamu. Kuongoza lilikuwa ndilo jina pekee nililokuwa nalo la kuyaita mapenzi hayo.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika nane. Kaka na dada wako katika chumba kimoja, wanagawana vitu vya marehemu baba yao, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Niliiandika mwenyewe na niliipenda sana. Nilidhani siku ya kushuti nitasimama nyuma ya kamera, nitasema "anza", nitasema "kata", na katikati ya maneno hayo mawili sanaa itatokea.

Kilichotokea ni maswali. Wa mavazi alitaka kujua mikono ya shati ikunjwe au iachwe. Mpiga picha akauliza lenzi ipi, na kama kamera isogee au itulie. Aliyeshika vifaa vya onyesho akaleta vikombe vitatu nichague. Mwigizaji wa kike akanivuta pembeni akaniuliza jambo ambalo hadi leo naliona lilikuwa swali bora kuliko filamu yenyewe: "Dada anajua kwamba kaka yake anamdanganya, au hajui?" Mimi niliyeiandika sikuwa nimejiuliza. Nikamjibu, "Igiza unavyohisi." Kufika saa sita mchana jibu langu kwa kila mtu lilikuwa "chochote tu".

Msaidizi wangu wa kwanza, mwenzangu wa darasani, aliniita kando. Alikuwa dada mkavu wa maneno. "Ukisema 'chochote' mara tatu," akaniambia, "wanaacha kukuuliza. Wakiacha kukuuliza, filamu si yako tena."

Sikuchoshwa na kazi, hilo lieleweke. Nilibeba taa, nilifagia seti, nililala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku nne mfululizo, bila kinyongo. Nilichoshwa na aina ile ya ugumu. Kuna watu ukiwauliza maswali mia kwa siku wanazidi kung'aa, kama kwamba kila swali linawaongezea damu. Nilikuwa nao darasani wawili, na ukiwaona kwenye seti hutauliza kwa nini wao ni waongozaji. Mimi kila swali lilinipunguza.

Jioni ya siku ya mwisho, kijana aliyekuwa kwenye sauti alinyoosha mkono akaomba sekunde 30 za kimya. Kila mtu atulie alipo, asiseme, asijongee, ili yeye arekodi sauti ya chumba. Tulikuwa tumechelewa, waigizaji wanaangalia saa. Nikamwambia chumba kisicho na mtu anayeongea hakina sauti, tufungashe. Hakubishana. Alivua hedifoni akaanza kukunja waya zake.

Wiki mbili baadaye, kwenye uhariri, nililipia sekunde zile 30. Kumbe kila chumba kina ukimya wake. Upo mvumo wa umeme, upo upepo unaopita dirishani, upo mtaa wa nje unaopenya ukutani. Masikio hayausikii kwa sababu yameuzoea, lakini mahali unapokata sentensi ya teki ya pili (teki ni kila mara onyesho linaporudiwa mbele ya kamera) ukaiunganisha na jibu la teki ya tano, ukimya huo unakatika na shimo linasikika. Mhariri huliziba kwa ile sauti ya chumba. Mimi sikuwa nayo. Halafu kulikuwa na friji. Katika chumba cha pili tulichotumia kulikuwa na friji ambayo hakuna aliyeikumbuka, na yenyewe ilijiwasha na kujizima ilivyopenda. Katika filamu dada anauliza, "Saa ya baba utaichukua wewe?" na nyuma yake kuna mngurumo. Kaka anajibu, "Chukua tu," na mngurumo haupo. Dada anamwangalia, mngurumo umerudi. Siku ya maonyesho, mtu mmoja kwenye viti vya nyuma alicheka mahali ambapo nilitaka watu walie.

Nilimfuata mwalimu siku iliyofuata nikiwa tayari kwa hukumu. Hakunihukumu. Aliniuliza, "Ukiiangalia filamu yako, nini kinakuuma zaidi?"

"Friji," nikasema bila kufikiri.

"Katika onyesho zima la pili mwigizaji wako hajui aangalie wapi. Anapapasa ukuta kwa macho. Hilo halikuumi?"

Sikuwa nimeliona. Nilirudi nikaiangalia tena na kweli, macho ya yule dada yanatangatanga kama ya mtu aliyesahau njia, kwa sababu mwongozaji wake hakumwambia anajua nini na hajui nini. Kosa kubwa kuliko yote katika filamu lilikuwa langu mimi mwongozaji, na halikuniuma. Friji ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mtu mwerevu angeelewa papo hapo. Mimi nilikwenda kwenye kamera.

Nilikwenda huko kwa sababu kamera ilikuwa jina la pili kwa fahari baada ya uongozaji, na sioni haya kulisema. Nikawa msaidizi wa kuvuta fokasi, yaani kurekebisha lenzi ili mwigizaji aonekane mkali muda wote, katika filamu fupi mbili. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ukitumia lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya kihisio kikubwa, ukaifungua tundu lake la mwanga kwa upana mkubwa, hadi f/1.4, na mwigizaji yuko mita mbili, eneo linaloonekana kali halifiki hata sentimita tano. Mwigizaji akiegemea mbele kidogo tu, pua ni kali na macho yamefifia. Msaidizi hupima umbali kwa futikamba, hutia alama za tepu sakafuni, kisha huzungusha lenzi huku akikadiria mwili wa mtu anayesogea. Nilijifunza, nikaweza. Lakini tulipoangalia picha usiku, teki moja ikawa imefifia kidogo, mwenzangu wa kamera akashika kichwa kama aliyefiwa, nami nikajisikia nikisema, "Mbona inapitika?" Aliniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. Nilikuwa nimesema kuhusu fokasi kile nilichokuwa nimesema kuhusu sekunde 30 za kimya.

Kwenye uhariri nilikaa wiki tatu nikiwa msaidizi, kazi ambayo haina umaarufu wowote na inafundisha kuliko mihadhara mingi. Unapokea kadi za kamera, unazinakili mara mbili kabla hazijafutwa, unapanga kila teki kwa jina, unaoanisha sauti na picha kwa kutafuta fremu ambayo kibao cha klapa, kile kinachogonganishwa mbele ya kamera mwanzo wa teki, kimegusana, na kuilinganisha na mlio wake. Nilipenda. Ila mhariri aligundua kitu. "Mbona unafumba macho?" aliniuliza. Alikuwa amenipa teki sita za mstari mmoja nimchagulie bora, nami nilikuwa nazisikiliza nimefumba macho, kwenye kazi ya watu wanaolipwa kwa kutazama.

Basi ikaja siku ya kitanda. Yule dada aliyekuwa msaidizi wangu alikuwa sasa anaongoza filamu yake, na mshika buum akaugua. Buum ni ule ufito mrefu wenye maiki nchani, unaoelea juu ya vichwa vya waigizaji nje kidogo ya fremu. Hakuna aliyeitaka kazi ile. Nilikuwa na deni lake, nikaenda.

Onyesho lilikuwa la mke na mume wamelala, taa imezimwa, wanaongea kwa kunong'ona. Picha ilikuwa pana, dari yote inaonekana, kwa hiyo ufito haukuwa na pa kuelea. Maiki ndogo za kubandika kifuani zilichakarishwa na shuka kila mtu alipopumua. Njia ikabaki moja. Nikaingia mvunguni mwa kitanda na maiki fupi, nikaipenyeza juu katikati ya ukuta na ubao wa kichwani, ikatokea nyuma ya mito. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nililala kifudifudi kabisa, vumbi puani, hedifoni masikioni, nikiomba nisipige chafya.

Hapo ndipo niliposikia. Sijui niseme vipi bila kutia chumvi. Mke ana mstari mmoja, "Nimekusikia." Katika teki ya kwanza aliusema vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu, kabla ya neno, alivuta pumzi ndogo ikakwama, kama mtu aliyetaka kusema jambo jingine akajirudi. Pale chini nilihisi nywele za shingo zinasimama. Kwenye kioo cha kamera haikuonekana, alikuwa ameupa mgongo mwanga. Mwongozaji akasema turudie mara ya nne, ya tano, ya sita. Nilipotambaa kutoka nilimwambia, "Ni ya tatu." Akasema picha ya sita ndiyo safi. Nikampa hedifoni. Alisikiliza, akavua, akasema, "Ya tatu."

Niliporudi nyumbani usiku ule sikuwa nimechoka.

Kubadilisha kisanduku kulihitaji barua na saini tatu, sehemu hiyo haina utamu. Utamu ulianza nilipopata wa kunifundisha, mzee aliyekuwa amerekodi filamu za matukio ya kweli kwa miaka mingi, mwenye bega moja lililoinuka kuliko jingine kwa ajili ya ufito. Somo la kwanza halikuwa la mitambo. Alinipeleka kwenye nyumba iliyopendekezwa kwa kushuti, akasimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja. "Umesikia?" Nilisikia mwangwi mfupi wa kuta tupu. "Sasa unajua utakavyohangaika. Bora ujue leo kuliko siku ya kushuti." Tangu hapo natembea ninapiga makofi katika nyumba za watu kama mwendawazimu.

La pili lilikuwa la umbali. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali wa maiki mara mbili unapoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kutoka nusu mita hadi mita moja si hatua, ni kupoteza nusu ya mgandamizo wa sauti unaoifikia maiki, na kelele za chumba haziondoki, zinabaki pale pale. Ndiyo maana mshika buum hugombana kimya kimya na mpiga picha kuhusu sentimita chache za juu ya fremu. Akipewa sentimita kumi, hushukuru. La tatu nililifurahia kuliko yote kwa sababu lilinihusu: ukizima friji ya mwenye nyumba, weka funguo zako ndani yake. Huwezi kuondoka bila funguo, kwa hiyo huwezi kuondoka bila kuiwasha. Nimekutana na warekodi sauti wa nchi ambazo sikutegemea, na kila mmoja alikuwa anaijua mbinu hii.

Aliniambia pia kwamba ufito wenyewe hutajwa kuwa ulizaliwa kwa shida ya mwongozaji. Sauti ilipoingia Hollywood, maiki zilifichwa sehemu moja na waigizaji wakawa hawathubutu kusogea mbali nazo. Mwaka 1929 Dorothy Arzner alikuwa anamwongoza Clara Bow, mwigizaji asiyetulia, akawaambia mafundi waitundike maiki kwenye ufito wa kuvulia samaki imfuate anakokwenda. Niliipenda hadithi hiyo kwa sababu ya huyo mwongozaji. Mimi nilipoombwa sekunde 30 nilikataa.

Sasa upande wa pili, maana nisije nikawa nauza kazi. Hakuna atakayekusifu. Sauti ikiwa nzuri watu husema filamu ni nzuri, na ikiwa mbaya ndipo wanakumbuka kwamba kulikuwa na mtu wa sauti. Kwenye seti wewe ndiye unayesimamisha kila kitu kwa ajili ya ndege inayopita juu, na macho thelathini yanakugeukia kana kwamba ndege ni yako. Utasikia "tutarekebisha kwenye uhariri" hadi uote nayo. Baadhi ya mambo hurekebishika. Mengine yanamrudisha mwigizaji studio miezi mitatu baadaye, aangalie midomo yake mwenyewe kwenye skrini na kuyasema upya maneno aliyoyasema akiwa na machozi ya kweli. Mara nyingi midomo inaoana vizuri tu, ila pumzi ile iliyokwama hairudi.

Kwa upande wa riziki, nilijifunza jambo ambalo ningependa ningeambiwa siku ya fomu. Hakuna anayempigia simu mwongozaji asiyemjua akamwambia njoo kesho uongoze. Mwongozaji hutengeneza kazi zake mwenyewe, miaka na miaka, mara nyingi akiishi kwa kitu kingine. Lakini mrekodi sauti, msaidizi wa kamera, fundi taa, hao huitwa. Katika timu ndogo idara ya sauti ni mtu mmoja au wawili, hivyo ukijulikana kwamba hufiki umechelewa na hukasiriki, simu inalia. Vifaa vyako navyo vinaweza kukodishwa pamoja nawe, ingawa kabla ya hapo itabidi uvinunue kimoja kimoja kwa maumivu. Pia nilikuwa nadhani msaidizi wa mwongozaji ni mwongozaji anayesubiri zamu. Sivyo. Kazi yake ni ratiba, usalama na kusukuma siku iende, na ngazi hiyo aghalabu humfikisha kwenye usimamizi wa uzalishaji. Wapo waliokaa humo miaka kumi wakingoja mlango ambao haukuwa upande ule.

Hata hivyo kuta za fani hii si za zege. Mwongozaji Alfred Hitchcock alianza kwa kuchora maandishi ya filamu za kimya. David Lean alikuwa mhariri kabla ya kuongoza. Walter Murch alichukua tuzo mbili za Oscar usiku mmoja mwaka 1997 kwa filamu ile ile, moja ya uhariri na nyingine ya sauti, na huyo ndiye ninayemtaja kila mtu anaponiuliza kama kufumba macho chumba cha uhariri ni ugonjwa. Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal aliyezaliwa mwaka 1923, alibeba mizigo bandarini Marseille, akaandika riwaya, kisha akaenda Moscow kusomea filamu. Filamu yake fupi Borom Sarret ilitoka mwaka 1963. Hebu piga hesabu, kisha uifikirie ile fomu yetu ya siku tatu.

Kati ya wale 17, ninaofahamu habari zao, wawili wanaongoza. Ni wale wale wa kung'aa. Mmoja anaandika skripti na hataki kabisa kufika kwenye seti. Yule wa kamera aliyeshika kichwa anaita watu wa fokasi kwa ukali ambao ameustahili. Dada wa filamu ya kitanda aliacha kuongoza akawa mtayarishaji, na anasema kilichomuuma kwenye filamu yake si pumzi wala mwanga, ni kwamba siku ya tatu chakula cha timu kilichelewa dakika 40. Nilipomsikia akisema hivyo nikajua yuko mahali pake.

Mama yangu alichukua muda. Nilipomweleza nimeacha uongozaji aliuliza, "Kwa hiyo jina lako litatokea wapi?" Nikamwambia mwishoni, herufi ndogo, linapita haraka. Akanyamaza. Mwaka jana alinipigia simu saa nne usiku, anaangalia tamthilia fulani na amekereka. "Hawa watu," akasema, "hawakuzima friji."

Naandika haya tukiwa kwenye mapumziko, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mtu, buum imeegemea ukuta. Ndani wanabadilisha taa. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji amechungulia mlangoni, ananionyesha vidole vitano, dakika tano. Nyumba ina mwangwi kidogo upande wa korido, nimetandika mablanketi. Funguo zangu ziko kwenye friji, rafu ya kati, karibu na maziwa.